Pete ya Mguu wa Tatu

Sista Dorotea ndiye aliyeuona kwanza. Alikuwa akifagia nyuma ya zahanati, akaona mchirizi wa kutu umeshuka kwenye mguu mmoja wa mnara wa tenki, rangi yake kama chai iliyomwagika. Akaukwangua kwa ukucha. Rangi ikabanduka, na chini yake palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akanipigia simu.

"Dismasi, mnara wako unalia. Njoo uubembeleze."

Mnara ule niliujenga mimi miaka minne iliyopita, kwenye karakana yangu ya Gungu, nikausafirisha vipande vipande mpaka kule ufukweni, upande wa Bangwe. Ni fremu ya chuma cha engo, kile chenye umbo la pembe, miguu minne, kimo cha mita tatu, na juu yake limekaa tenki la lita elfu tano. Maji yakijaa, ni tani tano zimesimama kwenye miguu minne. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe kabla ya kukata chuma cha kwanza, na bado ninayo kwenye daftari.

Cheti cha uchomeleaji sina. Nilijifunza kwa kumtazama mjomba wangu, kisha kwa vitabu chakavu, kisha kwa video za simu. Kila mshono ninaouchomea ninauandika: siku gani, chuma gani, nimetumia vijiti vingapi vya kuchomelea. Kwa hiyo nilipochuchumaa mbele ya mguu ule wa tatu, uliokaribia ziwa kuliko yote, nilikuwa na swali moja tu kichwani. Je, ni mshono wangu umeachia?

Ufa ulikuwa usawa wa kiuno, palepale ambapo chuma cha mshazari kinaungana na mguu. Lakini haukupita katikati ya mshono. Ulifuata ukingo wake, kwenye chuma chenyewe. Nikautazama muda mrefu. Sikujua maana yake.

Tulifungua bomba, maji yote ya tenki yakamwagwa. Kuanzia jioni ile wahudumu wakaanza kuchota maji ziwani kwa ndoo, pamoja na ya wodi ya wazazi.

Mzee Polycarp, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, alifika kesho yake. Ni mtu mwenye sauti ya kuhutubia hata mkiwa wawili.

"Fundi wa simu!" akaniita kutoka getini. "Siku ile bando lilikuishia katikati ya somo, nini?"

Nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Lakini nilijua kamati ilikuwa imepanga kunipa kazi ya minara mingine miwili, na nilijua pia kwamba mchomeleaji akishasemwa mshono wake umepasuka chini ya tenki la zahanati, habari hiyo inafika Gungu kabla yake.

"Kesho saa nne tunakaa," akasema Mzee Polycarp. "Leo anakuja injinia. Akisema ni mshono, Dismasi, hutanilaumu."

"Sitakulaumu, Mzee."

Injinia Asnath alishuka kwenye bodaboda na begi la kompyuta mgongoni. Ni mtu wa Mbeya, ana mwaka mmoja tangu apangiwe Kigoma, na kwa umri angeweza kuwa binti yangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Injinia."

Hakuuliza nani alichomea. Alitoa futi na kipimo cha unene, akapima kila chuma, nami nikamshikia ncha ya pili. Nilipomwonyesha daftari langu alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Kisha akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akafungua kompyuta, akaanza kuuchora mnara wangu.

Sikuwahi kuona kazi ile ikifanywa. Nilisimama nyuma yake nikauliza, na yeye akajibu bila kuchoka. Programu, aliniambia, haiwezi kuufikiria mnara mzima kwa mara moja. Kwa hiyo inaukata vipande vidogo vidogo, maelfu, kama mtu anavyochora mraba mraba kwenye karatasi. Kila kipande kimeshikana na jirani zake. Unaweka mzigo juu, na kila kipande kinamsukuma jirani, jirani naye anamsukuma wa pili, mpaka chini kwenye msingi. Programu inatafuta jinsi vyote vitakavyotulia kwa pamoja. Halafu inakuambia kila kimoja kimebeba mkazo kiasi gani, kwa rangi. Buluu ni chuma kilichopumzika. Nyekundu ni chuma kinachoteseka.

Alibonyeza. Mnara wangu ukatokea kwenye skrini, umepinda vibaya, miguu imetanuka kama ya mbuzi aliyeteleza.

"Umepinda!" nikasema.

Akacheka. "Nimeukuza mara mia ili tuone unaelekea wapi. Kweli yenyewe haifiki unene wa ukucha."

Chini ya tenki, kwenye mihimili, kulikuwa na rangi ya machungwa. Miguuni kijani. Na pale penye ufa, kwenye mguu wa tatu, buluu tupu.

Mzee Polycarp alikuwa ameinama pamoja nasi. "Basi kesi imekwisha. Kompyuta inasema pale hapana kazi, na palepale ndipo pamepasuka. Chuma hakikuonewa. Ni fundi."

"Mzee wangu, kompyuta haijasema hivyo," akasema Asnath. "Imejibu nilichoiuliza. Na mimi nimeiuliza uzito wa maji na upepo, basi."

"Sasa kuna nini kingine?"

"Hilo ndilo sijui."

Nililipenda jibu lile. Nikauliza, "Haiwezi kuulizwa kinyumenyume? Kwamba ufa huu hapa, niambie ni nguvu gani imeuleta?"

"Haiwezi, fundi. Wewe unaipa nguvu, yenyewe inakupa mkazo. Kubuni nguvu ni kazi yetu."

Tukaanza kubuni. Aliongeza upepo mpaka ukawa wa kung'oa mabati ya mji mzima. Nyekundu ikaenda kwenye bolti za chini. Akaushusha msingi mmoja sentimita mbili, kana kwamba mchanga umezama. Nyekundu ikaruka kwenye mguu wa pili. Nilimwomba alegeze bolti, akalegeza. Alisogeza tenki pembeni kidogo, kama limekaa vibaya. Kila mara rangi ilihama, ikatembelea kila kona ya mnara isipokuwa ile tuliyokuwa tukiitafuta. Mzee Polycarp alichoka akaenda kununua maji ya kunywa. Mimi sikuchoka. Ingekuwa amri yangu tungekaa pale wiki nzima.

Nikajaribu kufikiri kwa mikono. Nikitaka kupinda engo karakanani, naibana kwenye jiriwa, halafu naivuta karibu na pale ilipobanwa. Inapindia palepale mdomoni mwa jiriwa. Na pale penye ufa, chuma cha mshazari kilikuwa kama jiriwa iliyoubana mguu.

"Vuta hapa," nikasema, nikagusa skrini shubiri moja chini ya kiungo. "Kwa upande. Kuelekea ziwani."

Asnath akaweka mshale mdogo, akabonyeza. Ile buluu ikabadilika. Ikawa kijani, ikawa njano, na kwenye ukingo wa mshono, mahali hasa ulipoanzia ufa, pakawaka doa jekundu.

Asnath akaisogeza kompyuta karibu na uso.

"Ni hapo," akasema kwa sauti ya chini. "Fundi, ni hapo hapo! Lakini nani atauvuta mnara kiunoni?"

Hapo nikakumbuka.

Mwaka juzi maji ya ziwa yalipopanda, yalivuka uzio wa zahanati, mguu wa tatu ukasimama ndani ya maji. Shemeji yangu Selestini, kaka wa mke wangu, hakuwa na pa kufunga mtumbwi wake. Akaniomba kipete kidogo tu cha nondo kwenye mguu wa mnara. Nilikichomea kwa dakika tano, bila kuandika popote, kwa kuwa ilikuwa fadhila wala si kazi. Mwaka jana maji yaliporudi nyuma, Sista Dorotea alilalamika kwamba kinachana magauni ya watu. Nikakikata kwa grenda, nikasaga mpaka pakawa laini, nikapaka rangi. Nilisaga vizuri. Injinia alipita na futi yake juu ya mahali pale asione kitu.

"Nipe mpaka kesho asubuhi," nikamwambia.

Selestini nilimkuta ufukweni anaziba mtumbwi.

"Mwidiwe, shemeji," akanisalimu kwa Kiha, bila kuinua kichwa. "Uso wa msiba huo wa nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza, halafu akaweka chini patasi.

"Pete ipi?"

"Selestini."

"Nauliza, pete ipi? Mimi sioni pete. Wewe mwenyewe umeisaga, umepaka rangi, hata nzi akitua pale anateleza. Waambie mkono ulitetemeka siku ile, ulikuwa na malaria. Nani hajawahi kuugua malaria?"

"Mshono wangu haukutetemeka."

"Basi waambie chuma kilikuwa kibovu! Kilitoka dukani kibovu. Duka halina mdomo."

"Ulikuwa unafunga mitumbwi mingapi?"

Akanitazama. "Sasa hilo la nini?"

"Injinia atahitaji kujua."

"Shemeji, umerogwa." Lakini alianza kuhesabu kwa vidole, maana hata yeye lilikuwa limeanza kumwingia. "Wangu. Na wa Gervasi, baada ya mwezi. Siku za upepo mkali na ule mkubwa wenye injini, wa Bonaventura. Mitatu kwenye kamba moja. Mawimbi yakija yanaivuta yote, kwaa! Yakirudi, inalegea. Usiku kucha unasikia mnara unagonga."

"Unagonga?"

"Kama mtu anabisha hodi. Hukuwahi kuusikia?"

Sikuwahi. Mimi nalala Gungu. Nikatoa daftari nikaandika: mitatu, kamba moja, unagonga.

"Watakunyang'anya ile minara miwili," akasema Selestini polepole. "Dada yangu ataniua mimi, si wewe."

"Inawezekana."

"Na bado unataka kusema."

Kweli ni kwamba niliogopa kuipoteza kazi ile, na niliogopa zaidi kusemwa. Lakini kulikuwa na doa jekundu kwenye skrini ambalo Asnath aliliweka kwa kubahatisha, na mimi nilikuwa na vipimo vyake vya kweli mfukoni. Nisingeweza kulala bila kujua lingekuwa kubwa kiasi gani.

Kesho yake, kabla ya saa nne, nilipiga magoti kwenye mguu wa tatu na brashi ya waya. Mzee Polycarp, Sista Dorotea na Asnath walisimama nyuma yangu. Nilisugua rangi mpaka likaonekana kovu la duara mbili, pacha, kila moja kama sarafu.

"Hapa palikuwa na pete," nikasema. "Niliiweka mimi. Niliitoa mimi. Haimo kwenye daftari."

Nikaeleza yote, na mitumbwi, na mawimbi. Asnath alikuwa ameshachuchumaa anapima umbali wa kovu kutoka kwenye kiungo. Akaingiza namba zote kwenye kompyuta. Kisha akaigeuza tuone. Doa lilikuwa kubwa kuliko la jana.

"Mvuto mmoja usingepasua," akasema. "Lakini mawimbi ya miezi kadhaa..."

"Kama waya wa kufungia nondo," nikasema. "Unaukunja huku na huku mpaka unakatika."

"Hasa. Ufa ulianza wakati ule. Pete ikatoka, ufa ukabaki, na kutu ikafanya yake."

Mzee Polycarp alivua kofia, akaivaa tena. "Nisaidieni mimi nisiyesoma rangi. Kwa hiyo mshono ulikuwa mzuri, ila fundi ndiye alifanya upuuzi?"

"Ndiyo, Mzee," nikasema.

"Na upuuzi wenyewe hakuna mtu angeujua?"

"Hakuna."

Mzee akanisogelea. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mazungumzo ya watu wawili. "Wewe ni mtu wa ajabu sana, Dismasi."

Kamati ilikaa saa nzima. Asnath aliandika kwenye ripoti kwamba mishono yote ya awali ni mizuri, na kwamba chanzo ni pete iliyoongezwa baadaye na fundi bila hesabu. Alinisomea mistari yote miwili kabla ya kutia saini, akauliza kama ni sawa. Nilisema ni sawa. Minara miwili ilipewa Martini, ambaye karakana yake inatazamana na yangu. Mimi nilipewa kutengeneza ule wa zahanati, kwa chuma changu mwenyewe.

Nilikata kipande kilichopasuka, nikaweka kipya, nikaongeza bamba. Asnath alilijaribu bamba lile kwenye kompyuta kwanza, upana wa aina tatu, na mara hii nilikaa kwenye benchi pembeni yake badala ya kusimama nyuma. Siku tuliyojaza tenki tulijaza robo kwa robo, nami nikigusa kiungo kwa kiganja kila tulipofunga bomba. Kilitulia.

Wiki mbili baadaye nilipita kuangalia rangi. Sista Dorotea alikuwa amefunga kamba ya kuanikia kutoka mguu wa tatu mpaka kwenye mti wa mpera, na mashuka ya wodi yalikuwa yamejaa upepo wa ziwani.

"Usinitazame hivyo," akasema. "Ni mashuka tu haya, si mitumbwi."

Nikayahesabu. Kumi na mawili, mabichi. Nikatoa daftari, halafu nikampigia simu Injinia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilisikia anafungua begi.

"Kamba ina urefu gani, fundi?" akauliza. "Na imefungwa usawa gani?"