Jiwe Lililonyimwa Ufagio

Tangu Tamsin aje, Larysa hakuipenda tena saa ya chakula cha mchana.

Mwaka wa kwanza wote saa hiyo ilikuwa yake na Bryndis. Walipita njia ya chini ya ardhi inayounganisha majengo ya chuo, ili baridi ya nyanda za Manitoba isiwapate, wakaingia mkahawani, wakakaa meza ya dirishani na supu zao za viazi, glavu zikikauka juu ya bomba la joto, wakawateta walimu hadi supu ikapoa. Sasa Bryndis alifika amefuatana na msichana mwembamba wa kutoka Victoria, mji wa pwani ambako majira ya baridi ni mvua tu. Tamsin alihamia chuoni Januari, na kwake kila kitu kilikuwa kioja. Siku moja alitoka nje na nywele mbichi, zikaganda zikawa vijiti, akacheka hadi akakaa chini kwenye theluji. Bryndis naye akakaa chini kucheka. Larysa alipofanya kosa hilohilo mwaka uliotangulia, Bryndis alimwambia tu avae kofia.

Haya alikuwa akiyahesabu, na alijiona mdogo kwa kuyahesabu, lakini hakuacha.

Kilichomuuma zaidi ni mawe. Bryndis alikuwa nahodha wa timu yao katika ule mchezo ambao watoto wa nyanda zile huujua kabla hawajajua kusoma: unatelezesha jiwe zito la granaiti juu ya barafu liende kutua kwenye miduara iliyochorwa upande wa pili, na wenzako wawili wanakimbia mbele yake wakiisugua barafu kwa fagio ili jiwe lisichoke njiani. Wachezaji ni wanne. Larysa alikuwa wa tatu, yaani mkono wa kulia wa nahodha. Mwenzao mmoja alipoacha timu ili apate muda wa kusoma, Bryndis alimleta Tamsin, ambaye kumbe babu yake alimfundisha mchezo huo tangu utotoni. Baada ya mazoezi mawili Bryndis alimvuta Larysa pembeni.

“Nataka Tamsin acheze wa tatu, wewe ushuke wa pili,” alisema. “Hakuna anayesoma mwendo wa jiwe kama wewe, shosti. Nakuhitaji kwenye ufagio.”

Larysa akajibu sawa, haina neno. Kisha akaenda chumba cha kufulia, akakunja shati lilelile mara kadhaa.

Fainali ya ligi ya chuo ilichezwa Jumamosi mchana, dhidi ya wanafunzi wa uuguzi. Nahodha wao, Jocelyne, alikuwa dada wa miraba minne mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka shamba la tatu. Mpaka raundi ya mwisho timu zilikuwa sare, na Tamsin akachuchumaa kutupa jiwe lake la pili.

Aliliachilia vizuri. Larysa aliliona hapohapo, kama mpishi anavyoiona chumvi kwa macho. Lilikuwa jiwe la kwenda kujificha nyuma ya jiwe jingine, katikati kabisa ya miduara, mradi lisuguliwe kuanzia nusu ya uwanja. Garnet, mtoto wa mkulima wa alizeti, ambaye ndiye aliyekuwa akifagia naye, alikimbia ameinama, ufagio tayari.

“Vipi, jicho letu?” alimuuliza Larysa.

Nahodha husimama mbali, huko kwenye miduara, akitazama njia ya jiwe. Kasi ya jiwe huamuliwa na wafagiaji, na wafagiaji huaminiwa. Larysa aliinua macho akamwona Bryndis anatabasamu. Tabasamu lilipita juu ya kichwa chake, likaenda kwa Tamsin.

“Acha,” alisema. “Linatosha.”

Garnet akainua ufagio. Jiwe likapunguza mwendo, likajikokota, likasimama mbele ya miduara, katikati ya njia. Jocelyne akaweka la kwake ndani kwa raha zake. Jiwe la mwisho la Bryndis halikuwa na pa kupita. Liligonga lile la Tamsin, likakomea hapo. Wakawa wamefungwa.

Katika mchezo ule hamfungani mkaachana. Mnapeana mikono, mnapanda ghorofani, na walioshinda wanawanunulia walioshindwa kinywaji, kila mmoja akikaa na wa upande wa pili. Kwa hiyo Larysa alijikuta na kikombe cha chokoleti ya moto mkononi na Jocelyne mbele yake.

“Mlituonea huruma nini?” Jocelyne alimuuliza, akicheka. “Jiwe lile lilikuwa linalilia ufagio, mama.”

Garnet alisema Larysa ndiye aliyeona linatosha, na jicho la Larysa halikosei. Alisema kwa nia njema kabisa. Bryndis akaweka kikombe chake mezani.

“Nililitupa jepesi,” Tamsin alisema haraka. “Ni mimi. Samahanini.” Bryndis akamshika bega, akamwambia asijitese bure, mechi ni mechi.

Hapo ndipo Larysa alipokuwa amewafikisha: bega kwa bega. Angenyamaza tu, yangeisha, na Tamsin angeamini hadi kesho kwamba mkono wake ndio ulioharibu. Alimtazama yule msichana akikodolea macho kikombe chake, akaona aibu iliyokuwa yake imekaa kwenye uso wa mwingine.

“Hukulitupa jepesi,” alisema. “Lilikuwa jiwe zuri. Niliona, nikasema liachwe. Makusudi.”

Hakuna aliyecheka. Garnet alisema, “Acha wewe,” akimsihi zaidi ya kumkatalia. Larysa akachukua koti lake akatoka.

Nje, baridi ilimkaba pumzi, kope zikashikana. Alikuwa amevuka nusu ya maegesho, akielekea mabweni kwa miguu, gari la Bryndis likamfikia ubavuni, Garnet mbele, Tamsin nyuma.

“Ingia,” Bryndis alisema. “Nina hasira nawe, lakini sitaki kuja kukuokota umeganda.”

Akaingia nyuma. Wakaondoka hadi kwenye taa nyekundu.

“Ungeniambia tu kama nafasi yako bado unaitaka,” Bryndis alisema bila kugeuka.

“Haikuwa nafasi,” Larysa alisema. “Ni ile meza yetu. Ulianza kuja naye kila siku. Nikaona umeshapata mtu.”

Taa ikawa kijani.

“Mimi hapa sina meza hata moja,” Tamsin alisema, akitazama dirisha lililoganda. “Namfuata Bryndis kwa sababu yeye ndiye aliyeniita. Wewe hukuwahi kuniuliza hata ninasoma nini.”

Ilikuwa kweli. Larysa alitafuta neno, akaona yote aliyonayo ni ya kujitetea, akayaacha. “Unasoma nini?” aliuliza.

“Sitaki kukujibu leo.”

“Sawa.”

“Niulize Jumatatu,” Tamsin alisema. Garnet, kule mbele, akakohoa kuficha kicheko, na Bryndis akaongeza joto la gari.