Wa Kwanza Kuisikia

…na mto wenyewe kaukalia yeye, ule wa kijani ulio karibu na spika ya kushoto, mto ambao Rosalie ameukalia kila Jumapili tangu walipoanza kukusanyika kwenye chumba cha chini cha nyumba ya Marlon kusikilizishana muziki wa watu wasiojulikana, hakuna aliyemwambia Tobin kwamba pale pana mwenyewe, mgeni njoo mwenyeji apone, haya, mgeni kaja, mwenyeji kakalia ngazi na baridi yote ya Winnipeg inamtambaa mgongoni kutoka mlangoni, na wimbo umeshaanza, gitaa moja, taratibu, na mngurumo wa friji nyuma yake kwa sababu ulirekodiwa jikoni, Rosalie anajua ni jikoni, anajua hata friji ina rangi gani maana mwimbaji mwenyewe alimwambia, lakini yuko hapa amejikausha kama mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza, na hilo ndilo linalomchoma, si mto, mto ni mto tu… "Sikilizeni hapa," Tobin ananong'ona, "hapa hapa, anavyovuta pumzi," ananong'ona! wimbo unapigwa na yeye ananong'ona, kwenye nyumba ambayo anayefungua mdomo kabla wimbo haujaisha anaosha vyombo vyote, sheria ya Marlon hiyo, Rosalie aliwahi kusugua masufuria ya mama yake Marlon yaliyogandwa na mafuta ya lumpia, vile vitafunwa vyao vya kukunja na kukaanga, kwa kosa la kupiga chafya na kusema samahani, na sasa Marlon hasemi kitu, amefumba macho, lumpia imeishia katikati ya safari ya kwenda mdomoni na ameisahau mkononi, na Marlon si mtu wa kusahau chakula, husahau kwa wimbo mmoja labda kwa mwaka, na nyimbo hizo zote, zote, aliyezileta ni Rosalie.

Pua, ndivyo walivyomwita, Pua leta ulichonusa, Pua wiki hii umetuwekea nini, na hakulikataa jina hilo hata siku moja, alitembea nalo kichwa juu, maana kuna watu wamepewa sauti, kuna watu wamepewa vidole vya gitaa, yeye Mungu alimpa pua tu, ya kunusa nyimbo kwenye baa zisizo na wateja na kwenye maboksi ya vitu vikuukuu, na leo, kabla wimbo haujapigwa, Marlon kaitazama ile kaseti ya Tobin, jalada lake limeandikwa kwa mkono, akacheka akasema, "Jamani, tumepata pua mpya," kwa utani, alisema kwa utani, lakini je, alimtazama Rosalie alipokuwa anasema au hakumtazama, hilo ndilo hakuliona, na lipi ni baya zaidi, kutazamwa au kutotazamwa… Tobin akajikuna kidevu, akaanza kusimulia, na anajua kusimulia huyu mtoto wa watu, "Natoka zangu Dauphin, nimesimama kuweka mafuta, naingia kulipa, dada wa kaunta anauza kaseti zake mwenyewe pembeni ya pipi. Yeye na kaka yake, wanajiita Mbwa wa Jirani, basi, hakuna mwingine. Namwuliza, mjini wanawajua? Anacheka. Anasema kuna mama mmoja wa Winnipeg alinunua zamani, akalia pale pale kaunta, akaapa atawaambia watu wote wa mjini. Mpaka leo kimya. Nikamwambia, dada, yule mama atakuwa amekufa!" na wote wakaangua kicheko, Ingrid kahawa ikampalia, na Rosalie alicheka pia, alicheka kuwashinda wote, mama! ana miaka thelathini na minane, mama, tena marehemu, na katikati ya kicheko chake akamsikia Tobin anaendelea, sauti imeshuka, "Ila wanaacha, eti. Kaka keshatangaza kuuza gitaa. Hakuna anayewaita popote," na Ingrid akasema "Maskini," na Tobin akasema, "Ngojeni msikie mwisho wake, ndio kiboko, unakatika ghafla katikati ya mstari, kama umeme umekatika," akabonyeza kitufe.

Na haukuwa uongo, kulia alilia, alikuwa ametoka kumzika shangazi Solange, koti jeusi bado mwilini, aliingia pale kutafuta kahawa na mahali pa kusimama ambapo hakuna ndugu, na kutoka kwenye kiredio juu ya rafu ya sigara ikaja sauti hii, hii hii, si nzuri sana, ina mkwaruzo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, akauliza, "Nani huyu anayeimba?" na yule dada, kifuani kumeandikwa Noreen, akajibu bila kuinua macho, "Mimi," na Rosalie machozi yakamtoka kama ameambiwa habari, akasema, "Nitawaambia watu wote, naapa, mjini kuna watu wanaojua kusikiliza, nitawaambia wote," na Noreen akamwangalia hivi, akampa kitambaa cha karatasi, akasema, "Sawa, dada," alimwita dada! dada, si mama, hiyo ya mama katia Tobin mwenyewe… na alikusudia, Mungu ni shahidi, Jumapili ile ile alikuja na kaseti mfukoni, ila kumbuka yaliyotokea kwa wale vijana waimbaji watatu wa mji wa Brandon, aliwaleta yeye, Ingrid akawapeleka kwa kila anayemjua, na anaowajua Ingrid hawana idadi, na kabla theluji haijayeyuka Rosalie yuko dukani anajaribu buti akausikia wimbo wao kutoka kwenye spika za darini, na muuzaji anaufuatisha kwa maneno yasiyo yake, akavua buti akatoka akiwa na soksi mguu mmoja, kama mtu aliyeibiwa… basi akaiacha kaseti mfukoni, akasema Jumapili ijayo, na ijayo ikasema ijayo, huku kila mchana anakula chakula chake ndani ya gari nyuma ya kliniki anakofanya kazi, kipasha joto kinavuma, vioo vimefunga ukungu, na Noreen anamwimbia yeye peke yake, akajiambia anamlinda, lakini mtu akilinda mali ambayo mwenyewe hajamtuma kuilinda huyo si mlinzi, ana jina lake huyo, mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha wimbo je, nani anamuumbua, kijana mwenye kidevu kisafi aliyekuwa anaweka mafuta.

Sasa ni ubeti wa pili, ule wa baba yao anayetoka alfajiri kusukuma theluji barabarani ili wengine wapite, Ingrid amejifuta jicho, na Rosalie anamwonea wivu Ingrid, ndiyo, hata Ingrid, kwa sababu anausikia kwa mara ya kwanza na mara ya kwanza hairudi, anamwonea wivu Marlon na lumpia yake, anamwonea Tobin kuliko wote, si kwa kuipata, kuipata ni bahati, ni kule kuinunua na Jumapili hiyo hiyo kuileta, mbio mbio, kaseti bado ina baridi ya gari, hakulala nayo hata usiku mmoja, anatoaje kitu hivi hivi kama mtu anayegawa karanga, haogopi? Na nikisema naijua, anawaza, wataniuliza tangu lini, nitasema nini, Marlon hana kelele, Marlon atauliza mara moja tu, polepole, "Tangu lini, Pua?" na kila mtu atajua yule mama wa kwenye hadithi ni nani, na nisiposema basi Tobin ndiye aliyewaleta Mbwa wa Jirani, leo na milele, itasimuliwa hivyo kwenye ngazi hizi hizi na mimi nikiwa nimezikalia… "Anasema theluji au anasema dunia?" Ingrid ananong'ona, na Tobin, "Theluji," kumbe ni dunia, ni dunia inayosukumwa, Rosalie anaujua kwa moyo mstari huo, anauma ulimi mpaka unauma kweli. Halafu lile neno linamrudia, unakatika ghafla, Tobin alisema unakatika ghafla, ndio kiboko, na Rosalie anahisi damu inampanda masikioni maana haukatiki, haukatiki hata kidogo, huyu hajui! wimbo unanyamaza katikati ya mstari kwa sababu uzi wa gitaa ulikatika kule jikoni, mkanda ukaendelea kuzunguka, kimya kirefu cha kumfanya mtu yeyote anyooshe mkono azime, kisha Noreen anakohoa, kaka anacheka, Noreen anasema "Twende hivyo hivyo," na wanaumalizia kwa midomo mitupu, na kwenye mstari wa mwisho mama yao anaingia kutoka huko aliko, labda kwenye sinki, sauti ya uzee, hajui kama anarekodiwa, na hapo ndipo kila mchana Rosalie humsikia shangazi Solange, hapo tu, kwingine kote keshamsahau sauti.

Kwa hiyo kimebaki, kipande chenyewe kimebaki, wachukue hayo mengine, wachukue gitaa na friji na pumzi, Tobin atazima, watapiga makofi, watasema ujasiri huo, na Rosalie atapanda gari lake akiwa na mwisho wa wimbo kifuani ambao hakuna mwingine duniani anao, furaha ya namna gani hiyo, tamu, ina ladha ya kitu kilicholala, na anaigeuza mdomoni na kuigeuza, na gitaa linapanda sasa, linakaribia, anaziona nyuso zao zimeinama mbele zikingoja wimbo ukatike, Marlon ambaye ataondoka na wimbo nusu na kudhani ni mzima, na anamwona Noreen kaunta anauliza nani kaja leo kutoka mjini, na kaka anayelaza gitaa ndani ya sanduku lake, na yule mama kwenye sinki ambaye ameimba mara moja tu maishani mwake mbele ya mkanda, na mtu pekee aliyemsikia amemfungia ndani ya gari nyuma ya kliniki, huyo pia nimemnyamazisha, anawaza, huyo pia… tap, uzi unakatika, kimya, mkanda unazunguka, Marlon anashusha pumzi, "Loo," anasema Marlon, na kidole cha Tobin kimeshafika kwenye kitufe. "Usizime!" Imetoka kubwa kuliko alivyotaka, imegonga kuta, wote wamegeuka kwenye ngazi. "Umeisha, dada," Tobin anasema, kidole bado pale pale. "Haujaisha. Toa mkono, Tobin, tafadhali, toa mkono," na Marlon amefumbua macho, anamtazama yeye tu, anaelewa polepole kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, "Rosalie," anasema, hakusema Pua, "tangu lini—" na ndani ya spika mwanamke anakohoa, mwanamume anacheka, na Ingrid anainua mkono bila kumwangalia mtu, "Shh!" basi Marlon analiacha swali, na Rosalie wivu bado anao, haujasogea, lakini sauti mbili zimeanza kuimba na yeye hazisikilizi, anamsikiliza Ingrid anavyoacha kupumua, anangoja yule mama aingie, na ukiisha ataulizwa, na atajibu.