Bwawa Lisilo na Filimbi

Mtoto alikuwa na miaka minane, na maneno yake karibu yote yalikuwa ya kuazima. Aliyaokota redioni, kwenye simu na kwenye vipaza sauti vya kituo cha mabasi, akayaweka kichwani, kisha akayatoa kwa wakati wake na kwa sauti ileile aliyoyasikia nayo. Akichoka alisema, "Duka litafungwa baada ya dakika kumi." Akiletewa maziwa asiyoyataka alisema, "Huduma hii haipatikani kwa sasa." Shangazi yake, karani wa posta na mtu wa mizaha, akambandika jina la Tangazo, na jina likaganda. Mama mtu halikumpendeza mwanzoni. Baadaye naye akajikuta analitumia, maana mtoto aliliitikia kwa kugeuza shingo, heshima ambayo jina lake la kwenye cheti halikuwahi kuipata.

Waliishi watatu, mama, wifi yake huyo karani na mtoto, katika nyumba ya vyumba viwili. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, anakuja siku nne, anaondoka wiki tatu. Mama alishona sare za shule hapohapo sebuleni, na kutwa nzima Tangazo alikaa chini ya meza ya cherehani akitazama pedali inavyopanda na kushuka. Daktari alikuwa amewaambia ni usonji, akaeleza kwa upole, na mama aliitikia kwa kichwa kwa adabu kama mtu anayeelekezwa njia ya mji asiokusudia kwenda.

Kilichowafungia ndani ni siku ya duka kubwa. Kipaza sauti kililia ghafla juu ya vichwa vyao, Tangazo akajilaza sakafuni kati ya masanduku ya sabuni, akaziba masikio, akapiga kelele zisizo na maneno. Watu wakazunguka. Mwanamke mmoja akasema mtoto huyo amekosa fimbo. Mwingine akachukua picha. Mama alimbeba mzobemzobe hadi nje, kiatu kimoja cha mtoto kikabaki humo, naye hakurudi kukidai. Tangu hapo hakutoka naye tena. Miezi ikapita. Vitambaa viliingia nyumbani na sare zikatoka, lakini wao wawili hawakutoka, na nyumba ikawa na ukimya mzito kama wa chini ya blanketi.

Wifi mtu ndiye aliyekwenda kliniki kuchukua karatasi. Mhudumu wa watoto pale alikuwa ameorodhesha kwa mkono wake mahali ambapo familia zenye watoto kama Tangazo zingeweza kwenda bila kukodolewa macho. Kulikuwa na chumba cha maktaba Jumatano asubuhi, kinyozi anayekata nywele kwa mkasi tu huku mtoto amekaa popote apendapo, na kikundi cha wazazi. Lilikuwapo pia bwawa la kuogelea la chuo cha ualimu, Jumamosi saa tatu hadi saa nne, bila muziki, bila filimbi, taa nusu.

Mama alisema ana kazi ya watu. Wifi akamjibu kuwa kazi ya watu haijawahi kuisha tangu dunia iumbwe, na kwamba huyu mtoto anasimama nusu saa nzima mbele ya bomba akitazama maji yanavyodondoka, sasa mtu asubiri dalili gani nyingine?

Jumamosi ya kwanza wakafika wote watatu. Bwawa lilikuwa ndani ya jengo refu lenye paa la vioo. Jua la asubuhi lilipita juu, likagonga maji, likarudi darini likiwa limevunjika vipandevipande vinavyocheza. Hewa ilikuwa ya vuguvugu, yenye harufu ya dawa ya maji. Mtunza bwawa, mwanamume mnene asiye na haraka, alikuwa akiopoa majani kwa wavu wenye mpini mrefu, na miguu yake mitupu haikutoa sauti. Ndani walikuwamo baba mmoja na mapacha wake, na msichana mkubwa aliyemshika mdogo wake kiuno. Hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Tangazo alifika mlangoni akakataa. Alishika fremu kwa mikono miwili na kusema huduma haipatikani. Mama akaanza kuomba radhi, jasho likimtoka, tayari ameshageuka kuondoka. Mtunza bwawa akaweka wavu wake chini.

"Mama, mlango nao ni sehemu ya bwawa," alisema. "Aogelee hapo alipo."

Akawaletea kiti. Mama akakaa, mtoto akasimama akishika fremu, wakatazama dari saa nzima. Ilipofika saa nne mtunza bwawa aliwapungia mkono kama watu waliooga.

Jumamosi ya pili Tangazo alivuka kizingiti. Ya tatu alifika kwenye benchi. Ya nne alilala kifudifudi ukingoni, shavu kwenye vigae, akitazama maji kwa usawa wa jicho, na akabaki hivyo hadi mwisho. Nyumbani mama alianza kuota maji. Aliota cherehani limezama, linashona polepole chini ya bwawa, na uzi wake unapanda juu kama mapovu. Aliamka ametulia bila kujua kwa nini. Yeye mwenyewe hakuwahi kuogelea. Maji yaliyopita magoti aliyaogopa tangu utotoni, ila hilo hakumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi ya tano alifika na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, ameondoka mashineni kwa pupa. Wifi alikuwa kazini siku hiyo. Mama alikuwa akifungua mfuko atoe taulo pale Tangazo alipompita, akashika reli, akashuka ngazi na gauni lake. Maji yalimfika kifundo, goti, kiuno. Gauni likafutuka likamzunguka kama ua. Kisha mtoto akajilaza chali, taratibu, kama mtu anayejilaza kitandani kwake, na maji yakampokea.

Mama akaangusha mfuko, akakimbilia ukingoni. Mtunza bwawa alikwisha kuingia na kusimama karibu na mtoto, mikono yake chini ya maji bila kumgusa.

"Anaelea mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Mtazame."

Mama akatazama. Uso wa binti yake, ambao siku zote ulikuwa umekunjamana kidogo kama wa mtu anayesikiliza kelele chumba cha pili, ulikuwa umekunjuka. Vipande vya mwanga vilipita juu ya paji lake na kutoweka. Masikio yalikuwa chini ya maji. Mama akaelewa, polepole, kwamba pengine hii ndiyo mara ya kwanza dunia kumnyamazia.

Tangazo akasimama. Akaja hadi ngazini akichuruzika maji, akamnyooshea mama yake mkono, akatangaza kwa sauti tulivu ya kituo cha mabasi, "Abiria wote mnaombwa kupanda."

Mama alivua viatu. Mengine hakuyavua. Alishuka ngazi moja, akashuka ya pili, futi ikielea mbele yake kama mkia uliokosea upande. Msichana yule mkubwa akacheka, na mama naye akacheka, kicheko kikamsukuma ngazi ya tatu. Mkono mdogo ulimvuta hadi maji yakamfika kifuani. Mtunza bwawa akamwambia alaze kichwa kwenye kiganja chake na aangalie juu tu. Alikilaza. Miguu ikainuka yenyewe. Maji yakafunga masikio yake, na kila kitu kikaenda mbali: jengo, sare thelathini za Jumatatu, yule mwanamke wa dukani na fimbo yake. Alisikia pumzi zake na mapigo ya moyo, basi. Dari ilikuwa ikitiririka. Vidole vya mtoto vilikuwa vimeshika kidole chake kimoja, na hakujua walikaa hivyo dakika ngapi. Alipotolewa alikuwa analia, lakini kwenye maji nani angejua.

Wala Tangazo hakubadilika akawa mtoto mwingine. Zipo Jumamosi alizogoma getini, wakarudi nyumbani, na mama akajifunza kurudi bila kununa. Maktaba walikwenda, ikawapendeza nusu. Kinyozi akawa rafiki. Mama alipogundua kuwa lebo na mishono ya ndani ndivyo vilivyokuwa vikimchoma mtoto ngozi, alianza kumshonea nguo mshono nje, bila lebo. Baba wa mapacha aliziona akaomba mbili, na kufikia mwisho wa mwaka mhudumu wa kliniki alikuwa ameongeza ushonaji wa mama kwenye orodha. Wifi alisema sasa nyumba ina watangazaji wawili, mmoja wa mabasi na mmoja wa nguo.

Baba wa Tangazo aliporudi kutoka safari moja, walimchukua hadi bwawani. Alisimama ngazini, miguu majini, na suruali ameikunja hadi magotini, mikono imening'inia, mtu wa usukani asiye na usukani. Tangazo alimpita mara mbili bila kumtazama. Akauliza afanye nini.

"Subiri," mke wake alimwambia.

"Mpaka lini?"

Alimjibu kuwa hajui, na kwamba hata yeye alianzia mlangoni. Kisha akajilaza chali karibu na binti yake. Aliona midomo ya mumewe ikisema jambo jingine, ila maji yalikuwa yameshafunga masikio, naye akaliacha lipite. Alipogeuza macho baada ya muda, baba alikuwa bado amesimama palepale, ameinua uso, anatazama dari.