Nusu Milimita kwa Siku

Katika wanawake wote wa Ndera, pembeni ya Kigali, walioishia darasa la sita, mimi ndiye ninayeijua fizikia ya seli kupita wote. Naijua vizuri kabisa, mpaka mjukuu wangu Belyse aniulize swali.

Yeye ndiye fundi. Huko maabara mjini kazi yake ni kupiga picha seli zikitembea. Mwanzo nilimwonea huruma, msichana mzuri namna ile kushinda akiangalia vitu visivyoonekana. Halafu nikajimwagia uji wa moto kwenye muundi, na kwa kuwa nina sukari, kidonda kikachelewa kupona. Ndipo akaanza kunisomesha mimi bibi yake, nyogokuru kama tunavyosema kwetu.

"Nyogokuru, ngozi yako inatembea," aliniambia akiniosha. "Kila seli inajisukuma kwa nguvu yake yenyewe. Hakuna mkubwa anayeziamuru. Kila moja inafuata jirani yake anakoelekea."

"Kama watu wa kituo cha mabasi cha Nyabugogo siku ya kuamkia Krismasi."

"Ndiyo hivyo. Zikibanana sana zinakwama. Lakini hapa ukingoni kuna nafasi, kwa hiyo za mbele zinajinyoosha, zinavuta za nyuma. Zimeshikana, haziachani."

"Na zikikutana katikati?"

"Zinasimama. Zimefika."

Zina adabu kuliko watu wengi ninaowajua.

Kila asubuhi nilimtumia picha ya kidonda kwa simu, rula pembeni, naye akapima. Kila ukingo ulisogea nusu milimita kwa siku. Jumanne zilibaki milimita nane, upana wa punje ya harage. Hesabu hiyo hata mimi niliiweza: siku nane. Na ndege yake ya kwenda kusoma Ubelgiji miaka minne ilikuwa inaondoka Kanombe Jumamosi.

"Sipandi kidonda kikiwa wazi," alisema. "Nitawaandikia waniahirishie."

"Watakubali?"

Akaniuliza kama nimekunywa dawa ya sukari. Mtoto huyu nimemlea tangu ana meno mawili. Kukwepa kwake nakujua. Nafasi ingepewa mtu mwingine.

Basi Alhamisi nikaenda kwa jirani yangu Xavérine, aliyekulia Bujumbura, mwanamke wa umri wangu mwenye miundi laini anayoiringia hata akienda komunyo. Nikamwomba apandishe kitenge nimpige picha mguu. Nilimwambia tu ni picha ya Belyse, ya safari ya Ubelgiji; hakuuliza kwa nini. Aliuliza upande upi unapendeza zaidi. Nikaweka rula, nikapiga, nikatuma: "Kimefunga. Nenda mwanangu."

Ijumaa mchana Belyse akaingia bila hodi.

"Hongera, Nyogokuru. Juzi milimita saba, jana sifuri. Seli zako zilikodi pikipiki?"

"Nilipaka mafuta ya ng'ombe."

"Pande mbili zikikutana zinaacha mshono. Kwenye picha hii hakuna mshono. Ngozi hii haijawahi kwenda popote."

"Macho yako yamechoshwa na maabara. Mguu ni wangu, nimezaliwa nao."

"Basi vua soksi."

"Mtu wa umri wangu havuliwi soksi mchana."

Akapiga magoti, akakishika kifundo changu taratibu kama ameshika yai. Soksi hakuivuta. Niliona mabega yake yanatikisika, sikujua anacheka au analia. Nadhani alikuwa anafanya yote mawili.

"Nikienda, nani atakuosha?"

"Tuseme kingekuwa wazi, nasema tuseme tu, Xavérine yupo. Tumepakana ukuta. Si ulisema jirani anafuata jirani? Hilo halihitaji mkubwa. Wewe uko ukingoni, mama. Mbele yako kuna nafasi. Jinyooshe."

Alikaa pale chini muda mrefu, kichwa chake gotini kwangu, kama zamani nilipokuwa namsuka.

"Ataniahidi kukuosha kila siku?"

"Kila siku."

"Sawa," akasema kwa sauti ndogo. "Nitaenda." Kisha akainua uso. "Lakini niambie ukweli. Mguu wa kwenye picha ni wako?"

"Wangu. Naapa kwa jina la marehemu babu yako."

Mlango ukasukumwa. Alikuwa Xavérine, kitenge kipya, amejipaka mafuta mpaka magotini.

"Belyse, bahati nimekukuta kabla hujasafiri!" akasema, akiupandisha mguu juu ya kigoda. "Hao Wabelgiji wameuonaje mguu wangu?"