Tundu Kwenye Gita la Silvester

Msumeno wa kiwanda cha mbao cha Mafinga ulimkata Silvester Kalinga vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na kile kidogo, mwaka 1975. Siku za kazi alikuwa akipasua mbao, na Jumamosi akipiga gita katika bendi moja ya Iringa. Baada ya ajali, kazi na muziki vyote vilikoma. Liberatus, kiongozi wa bendi, alikuja kumwona hospitali na machungwa, akamwambia wangemsubiri. Silvester hakutaka kusubiriwa. Alipopona, alifunga gita lake ndani ya shuka, akapanda basi kwenda Mbeya kwa dada yake Evarista.

Mwaka mzima hakupiga mbele ya mtu. Alijifungia chumbani na kuzigusa nyuzi polepole, asisikike. Lakini nyumba ya matofali mabichi haifichi kitu. Shemeji yake Asukile, mume wa Evarista, alimsikia jioni nyingi. Asukile alikuwa fundi redio, mwenye kibanda karibu na soko la Mwanjelwa.

Asubuhi moja akamwambia, "Shemeji, nimemaliza rekoda ya mwalimu mmoja. Nataka kuijaribu kabla hajaifuata. Njoo na gita."

Silvester alijua anavutwa, akaenda hivyo hivyo.

Maikrofoni waliiweka juu ya kopo, Silvester akapiga. Waliporudisha kaseti, walisikia mashine ya kusaga ya jirani, walisikia mama akinadi viazi, na mbali kabisa gita, kama mbu nje ya chandarua.

"Ongeza nguvu kidogo," Asukile alisema.

"Nguvu ndiyo sina. Nikibonyeza sana, hivi viwili vilivyobaki vinachoka."

Asukile akalichukua gita na kuligeuzageuza. Chini, pale mkanda unapofungwa, palikuwa na tundu lenye pete ya chuma. Silvester alilinunua gita hilo kwa mfanyakazi wa reli aliyetoka Zambia, na siku zote alidhani tundu hilo liliachwa na kishikizo cha mkanda kilichong'oka. Asukile akamulika ndani kwa tochi, akatabasamu.

"Hapa si pa mkanda. Kuna waya umepita ndani mpaka kwenye kinasa sauti chini ya nyuzi. Gita lako lina sikio lake lenyewe, shemeji, nawe hujawahi kuliuliza lolote."

Akapekua debe la vyuma chakavu mpaka akapata plagi iliyoingia sawasawa tunduni. Akalehemu waya, akachomeka upande mmoja kwenye gita, wa pili moja kwa moja kwenye rekoda. Mara ya kwanza ulitoka mvumo mtupu. Akafungua, akalehemu upya. Mashine ya kusaga iliendelea kunguruma, naye Silvester akapiga polepole vilevile, kama alivyozoea chumbani.

Safari hii kaseti haikuleta mashine wala viazi. Gita lilikuja peke yake, karibu mno, kavu, bila chumba wala upepo. Kila mkwaruzo wa kidole kwenye uzi ulisikika. Silvester aliona aibu.

"Futa," akasema. "Makosa yote yako wazi."

"Nitafuta. Lakini sikiliza kwanza mpaka mwisho."

Akasikiliza ameinamisha kichwa. Kufika ubeti wa pili, akakiinua. Chini ya wimbo kulikuwa na besi iliyotembea bila kukosa, na katika bendi hakuwahi kupiga hivyo.

"Rudisha hapo."

Asukile akarudisha. Silvester akautazama mkono wake wa kushoto. Dole gumba lake lilikuwa limejifunza kupita juu ya shingo ya gita na kubonyeza uzi mnene, likifanya kazi ya vidole visivyokuwapo. Mwaka mzima lilikuwa likifanya hivyo, nayo masikio yake yalisikiliza pengo tu.

"Usifute," akasema, kisha akapiga wimbo wa pili.

Wiki iliyofuata alipanda basi kwenda Iringa na gita lake. Kaseti aliiweka mfuko wa shati, na waya ule akauviringisha kwenye sanduku. Liberatus alimpokea mlangoni kwake, wakaamkiana kwa Kihehe kwa kirefu, hakuna aliyetaja vidole. Kisha wakaweka kaseti. Wimbo wa kwanza Liberatus alitikisa kichwa. Wa pili aliusikiliza mara tatu.

"Ule mwendo wa zamani hautarudi," akasema mwishowe.

"Najua, kaka."

"Nyimbo za haraka ninaye kijana wa kuzipiga. Hizi za taratibu hatuna mtu. Hii sauti umeipataje? Kama uko ndani ya gita."

Silvester akafungua sanduku, akamwonyesha waya.

Liberatus akaushika, akautazama ncha hadi ncha. "Mazoezi Jumatano saa kumi," akasema. "Tutauchomeka kwenye spika kubwa, tusikie."

Jumatano Silvester alifika saa tisa.