Unga Mweupe wa Darajani

Kila asubuhi, kabla ya chai, mama mpaka rangi wa daraja alikung'uta shuka lake dirishani, na unga mweupe ukaanguka juu ya maua. Kisha alijifuta viwiko, shingo na nyuma ya masikio. Binti yake, mwalimu wa kemia, alimshikia kioo.

"Kiganja kimepungua, mama."

"Kiganja ndicho kinachofanya kazi. Ulitaka kipungue kisigino?"

Manispaa iliacha kununua rangi zamani. Mama, asiyezoea kukaa bure, aliendelea kwenda kazini na kushika ukingo wa daraja kutwa nzima. Daraja halikupata kutu. Aliyelika ni yeye.

Darasani, mwalimu alifundisha mimenyuko kwa mpangilio. Kuni zikiungua, huungana na oksijeni kwa pupa na kutoa joto. Siki ikikutana na magadi, hutoka povu, na ukali wa vyote viwili huisha. Chuma nacho huungana na oksijeni palipo na maji, ila kimyakimya. Matokeo yake ni kutu.

"Mbona bati jipya halishiki kutu?" aliuliza mwanafunzi wa mbele.

"Limevikwa zinki. Zinki ni nyepesi wa kutoa elektroni zake kuliko chuma. Vikigusana, yenyewe hutangulia kulika, ikageuka unga mweupe, na mwenzake akabaki mzima."

"Kama mama yako, mwalimu."

"Kama mama yangu," alijibu, akaliandika hilo ubaoni kwa herufi kubwa.

Lakini zinki huisha. Mwalimu alikwenda kwa mhandisi wa manispaa kuomba vipande vya zinki vifungwe kwenye nguzo za daraja. Mhandisi, mtu mwenye adabu zake, alimpa kiti.

"Mwalimu, daraja linang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nikiomba zinki, wakubwa wataniuliza mgonjwa yuko wapi."

"Yuko nyumbani kwangu."

Mhandisi alitikisa kichwa kwa huruma. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

"Mfikishie shikamoo yangu. Na mwambie Ijumaa kuna mvua kubwa, asichelewe."

Ijumaa mama alishindwa kufunga vifungo vya koti. Vidole vilikuwa vyembamba kama njiti. Binti alimfungia, wakaenda pamoja. Mama alishika ukingo kama kawaida, lakini wekundu ulikuwa umeanza kwenye boliti, nao ulizidi kutambaa. Mwalimu akaweka kiganja chake kando ya kile cha mama. Kilimwasha kidogo. Wekundu ukasimama palepale ulipofika.

"Kamata, usipapase," mama alisema. "Na usikunje uso. Watu wanapita."

Mwalimu akainua kidevu. Basi la wanafunzi lilipita, daraja likatikisika, likatulia. Nyuso zilijaa madirishani, na yule mwanafunzi wa mbele akawaonyesha wenzake kwa kidole: "Mwalimu wetu yule!"

"Umesikia?" mama alimwuliza, kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mtoto kusema.

"Nimesikia."

Nyuma ya basi lilikuja gari la mhandisi. Aliteremsha kioo, akatazama boliti, akatazama mikono yao, kisha akawapigia honi kwa heshima na kuendelea na safari. Ombi la zinki hakuliandika.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya chai, yalikung'utwa mashuka mawili.