Breki ya Jiwe

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ndivyo walivyotuachia wahenga. Kijijini Goweko kifo ndicho kilichofichwa, na kilichokiumbua ni mzaha.

Siwema alikificha kwa mkono wake. Alijua kusoma, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Katika ofisi ya Wakili Thani, mjini, mtaa wa Isevya, aliisoma hati ya kuachilia madai neno kwa neno: kwamba mumewe Masele, utingo wa lori la tumbaku, alikufa kwa uzembe wake mwenyewe, kwamba kampuni haina kosa, kwamba yeye na watu wa nyumba yake hawatasema vinginevyo popote. Akishatia saini, malipo yatafuata. Wakili, mtu mpole, alimsogezea kikombe cha kahawa akamwambia asome tena asije akajuta.

Hakusoma tena. Aliwawaza wanawe waliokuwa wakilala kwenye bani la kukaushia tumbaku, nywele zikinuka moshi, kwa kuwa nyumba aliyoianza Masele ilikuwa imeishia kwenye renta, bila paa, na mvua za kwanza zilishaanza kunguruma. Akatia saini. Njiani kurudi hakuweza kulitaja jina la mumewe hata moyoni.

Aliwaomba shemeji zake wanyamaze, nao wakakubali kwa shingo upande. Aliyemsahau ni Tobias.

Tobias ni Mgogo, fundi baiskeli pale stesheni, na Mgogo kwa Mnyamwezi ni mtani tangu enzi za misafara, wapagazi walipopita Ugogo na mizigo yao wakatozwa hata maji ya kunywa. Mtani hana adabu msibani, wala hatakiwi kuwa nayo. Siku ya kuanua matanga alitokea amevaa koti la marehemu, kakumbatia jiwe kama mtoto mchanga.

"Nyie Wanyamwezi," aliwaambia waombolezaji, "babu zenu walibeba pembe za ndovu za watu hadi pwani, wakarudi na kikohozi. Wajukuu mnabeba tumbaku. Kikohozi ni kile kile."

Watu wakacheka. Kisha akaanza kukimbia nyuma ya lori lisiloonekana, kwa mwendo ule ule wa Masele wa kutupa goti nje, hata mama mkwe akajifunika kanga usoni. Akalibusu jiwe. "Mwenzangu, kampuni imetuajiri sisi wawili. Mimi utingo, wewe breki. Dereva kaomba breki nyingine tangu msimu uliopita, wakamwambia wewe unatosha." Akaliweka chini ya gurudumu, lori likarudi nyuma likampitia, naye akalala kifudifudi, akatulia.

Siwema alilia. Tangu mazishi hakuwa amelia hivyo, na ndani ya kilio kile jina la Masele lilimrudia mdomoni.

Festo, msimamizi wa kampuni, aliyekuja na sukari ya rambirambi, alikuwa amecheka kama wengine. Alikuwa pia anarekodi kwa simu.

Wiki haikuisha, Siwema akaitwa Isevya. Tobias akamfuata, kanyoa ndevu, kavaa shati la kanisani. Wakili Thani alieleza kwa sauti ya chini kwamba kampuni imeiona video na, kwa kuwa maneno hayo yalisemwa msibani kwake, imezuia malipo. Njia bado ipo: mjane aombe radhi mbele ya simu, aseme mtani alisema uongo, na fedha zitatoka.

Siwema alimwambia kuwa maneno ya mtani hayashtakiwi, kwamba hata machifu walikuwa wakiyameza. Wakili alijibu kwamba anajua. Bibi yake mzaa mama alikuwa Mnyamwezi.

"Lakini hati haijui utani, mama."

Tobias akapiga magoti. Siwema hakuwahi kuuona uso huo bila mzaha, akamwonea huruma kuliko alivyojihurumia.

"Niache niseme mimi, mtani," Tobias alisema. "Nitasema nilikuwa nimelewa. Watoto walale pakavu."

Dirishani wingu lilikuwa limetanda upande wa kwao, zito, la rangi ya sufuria. Siwema aliliangalia mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akamshika Tobias mkono, akamwinua.

"Inuka. Wewe ulionyesha kilichomuua. Mwongo ni mimi, kwa kalamu hiyo hapo mezani." Akamgeukia wakili. "Mume wangu hakuwa mzembe. Siombi radhi."